Zamu ya Bi Povu

Watu wa mji ule walipomtaja Bi Povu walitangulia kucheka kidogo. Hawakucheka kwa ubaya, ni jina lenyewe lilivyo. Alikuwa dobi wa zahanati. Mashuka, mapazia ya wodini, makoti ya waganga, vyote vilipita mikononi mwake kwenye karo la uani, na mikono hiyo ilikuwa imechujuka na kukunjamana hata ukipeana naye salamu unadhani umeshika kitambaa kilichosahauliwa majini. Hakukosa povu mahali: kwenye kiwiko, kwenye nywele, nyuma ya sikio. Basi likawa jina, naye akalipokea kama alivyopokea kila alichopewa na kila alichonyang'anywa, kwa kusema, "Haya, potelea mbali."

Hilo "potelea mbali" lake linanikera hadi leo. Kuna watu ambao Mungu amewaumba bila kucha. Ukiwaparura wanakuuliza kama umeumia kidole.

Mumewe aliitwa Mlinzi, maana ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote, kulinda ghala la nafaka kwa rungu na tochi. Macho yalipoanza kuingia ukungu akaficha. Nani angemwajiri mlinzi asiyeona? Akawa anatembea kwa mazoea, anaitikia salamu za watu kwa sauti zao, na mambo yakaenda vizuri tu, mpaka jioni moja alipomkaba mtu shingoni mlangoni mwa ghala, akapiga mayowe ya mwizi, watu wakajaa, kumbe ni tajiri mwenye ghala. Mji mzima ulicheka. Mlinzi naye alicheka, kisha akarudi nyumbani na kibegi chake, na baada ya hapo macho yakafunga moja kwa moja.

"Giza halina shida, mke wangu," alikuwa akimwambia. "Giza nimelizoea. Shida ni kuhama."

Alisema kweli. Walikuwa wapangaji, na kwa Mlinzi kila chumba kipya kilikuwa shule yenye mwalimu mkali. Alikisoma kwa magoti, kwa vidole vya miguu, kwa paji la uso. Akishakijua, anatembea humo ndani kama kijana, anapika chai, anakunja nguo alizofua mkewe, hata anacheza mwenyewe redio ikiwaka. Halafu mwenye nyumba anakuja kusimama mlangoni na kukohoa kile kikohozi cha kupandisha kodi, na wao wanahama, na Mlinzi anaanza tena kuwa kipofu.

Kodi zilikuwa zimepanda tangu yalipofunguliwa machimbo ya kokoto nje ya mji. Wakaja wafanyakazi wageni wenye posho za nyumba, na wenye vyumba wakapata wazimu. Vyumba vya kufugia kuku vilipakwa chokaa, vikaitwa nyumba. Muuguzi wa zahanati alilala miezi kwenye stoo ya dawa. Bi Povu na mumewe walifukuzwa na bei kutoka mtaa hadi mtaa, wakaishia chumba kilichoegemea mashine ya kusaga unga. Huko ndiko nilikomwonea huruma Mlinzi, maana kipofu macho yake ni masikio, na mashine ile ilinguruma tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hakusikia mlango ukifunguliwa wala maji yakichemka. Wiki ya kwanza tu aliliparamia jiko la mkaa lililokuwa mahali ambapo, katika chumba cha zamani, palikuwa na kiti chake. Mkono ukaungua kutoka kifundo hadi kiwiko. Bi Povu aliufunga kwa kitambaa safi cha zahanati, na alipokuwa akifunga aliapa moyoni kitu kimoja tu: atapata nyumba ambayo mume wake ataisoma mara moja, basi, asihame tena mpaka afe.

Hakuna kingine alichokitaka duniani. Wala hakutaka kubwa.

Na kweli, mlango ukafunguka. Baraza la mji, ambalo kwa kawaida kazi yake ilikuwa kubishana juu ya jalala, lilipata akili. Palikuwa na uwanja wa zamani wa mnada wa mifugo, umekaa bure, unaota magugu. Baraza likaamua kuugawa kwa watu wa mji wasio na uwezo, wajenge nyumba za bei nafuu. Kiwanja bure. Ada ya kibali ikafutwa. Sheria iliyodai kila nyumba iwe na uwanja mpana wa peke yake ikalegezwa, ili nyumba ndogo nane zijengwe kwa safu, zikishikana kuta, maana ukuta mmoja wa watu wawili ni nusu ya gharama kwa kila mmoja. Baraza lilitoa saruji na mabati kutoka stoo yake, mashine ya kufyatulia matofali, na mshahara wa fundi mwashi. Wananchi watoe nini? Mikono. Familia nane, kila Jumamosi na kila jioni anayeweza, wote wanajenga nyumba moja mpaka ikamilike, ndipo wanahamia ya pili, na kuendelea. Kwa zamu.

Aliyebuni mpango huo alikuwa afisa mipango wa baraza, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye watu walimwita Dada Ramani kwa sababu alitembea na ramani kwapani hata akienda sokoni. Na Dada Ramani aliweka sharti moja lililowaudhi wote. Hakuna atakayehamia kabla ya wengine. Nyumba ikikamilika inafungwa, ufunguo unatundikwa ofisini kwake, mpaka paa la nane lipigiliwe. Siku hiyo funguo zote zitatolewa kwa pamoja.

"Huyu binti katumwa na wenye vyumba," watu walinong'ona. "Mtu ana nyumba imekwisha, halafu aendelee kupanga?"

Wakapiga kura kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya kofia ya Timazi, yule fundi mwashi. Bi Povu alitumbukiza mkono wake uliokunjamana, akatoa namba tatu. Nyumba ya tatu! Alipiga kigelegele mpaka wauguzi wakatoka nje ya zahanati ng'ambo ya barabara.

Timazi alipochomeka vigingi na kufunga kamba za safu nzima, Mlinzi alikwenda mnadani kuisoma nyumba yake. Usicheke. Alishika kamba kwa mkono mmoja, akatembea nayo taratibu, Timazi akimwelekeza. Hapa mlango. Hapa sebule. Hapa ukuta wenu na jirani, kitanda kitaegemea hapa. Jiko huku nje, Mzee, halitakuunguza tena. Mlinzi akaizunguka, akairudia. Kila alasiri alikwenda, ajifunze. Watoto walimfuata wakimwigiza, wamefumba macho, wanagongana, naye akawakaribisha ndani: "Piteni, piteni, ila mvue viatu!" Sijapata kumwona mzee mwenye furaha kama ile juu ya mchanga mtupu.

Basi nyumba ya kwanza ikapanda, na ya pili. Bi Povu alitoka kufua akaenda kubeba maji ya zege. Mlinzi alikaa kwenye mashine ya matofali, akishindilia udongo kwa mikono yake, kazi isiyohitaji macho, na matofali yake yalikuwa mazuri kuliko ya wengi. Walikuwa nane kweli, familia nane, mama wanapokezana ndoo, baba wanachanganya, utani mwingi, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya mji ule.

Namba nane, ya mwisho kabisa, kule chini karibu na mtaro, ilikuwa imemwangukia kijana mmoja dereva, asiye na gari, aliyekuwa akiendesha la yeyote atakayempa siku hiyo. Mke wake alikuwa mjamzito. Mwenye nyumba wao alitaka chumba, wao hawakuwa na pa kwenda, basi yule bwana akaja mchana na bisibisi akang'oa mlango akaenda nao. Jioni Dereva na mkewe walikuja kwa Bi Povu wakiwa na boksi la nguo.

"Shangazi," Dereva alisema, akapiga goti kabisa, "nisaidie. Mke wangu atazalia wapi? Namba nane itafikiwa lini? Nipe zamu yako; nyumba ikishasimama watanionea huruma wanipe ufunguo, na mimi nitakujengea ya kwako kwa mikono yangu. Nikikuacha, Mungu aniache."

Mke wake alikuwa analia, ameshika tumbo. Bi Povu alimtazama yule binti, akatazama miguu yake iliyovimba, na mimi najua alichosema kabla hajakisema.

"Haya, potelea mbali. Chukueni."

Walipoondoka, Mlinzi alimgeukia mkewe, mashine ya unga ikinguruma ukutani.

"Zamu si sukari, mke wangu," akasema, "kwamba jirani akikosa unamkopesha kikombe."

"Baba, yule mtoto atazaliwa barabarani."

"Na sisi?"

"Sisi hatuzai."

Alicheka, akaishia hapo. Alimpenda mkewe kwa wema huohuo uliokuwa unamwangamiza. Kesho yake akaenda kule mtaroni kuisoma namba nane. Ilikuwa imepinduliwa, mlango upande mwingine, kitanda upande mwingine. Alianza upya na kamba.

Kama lingeishia hapo, ningesema ni wema, na wema hauozi. Halikuishia hapo. Nyumba ya tatu ilipopigiliwa bati la mwisho, mke wa Dereva alikwishajifungua, na walikuwa wamejihifadhi na kichanga kwenye banda la mashine ya matofali. Mvua zikaanza. Maji yaliingia bandani, mtoto akakohoa, na hatua chache mbele ya macho yao nyumba yao imesimama, kavu, imefungwa, ufunguo uko ofisini kwenye msumari. Bi Povu hakustahimili. Akaondoka kazini na aproni yake imelowa, akaenda kwa Dada Ramani.

"Mwanangu, toa ule ufunguo."

"Bi mkubwa, siwezi. Nikitoa mmoja nitatoa zote."

"Sasa si utoe zote? Nyumba ni za watu."

Dada Ramani alimvutia kiti. "Nisikilize, mama. Nimeona hili jambo kwingine. Mtu akishaingia kwake, mikono inakuwa mizito. Si kwamba ni mbaya. Anachoka, ana watoto, ana kazi. Leo mnakuja nane kwa sababu nyote mna haja. Wewe hasa, wewe uliye wa mwisho, sharti hili linakulinda wewe."

"Wewe hujazaa," Bi Povu akamwambia. "Ungezaa usingesema hivyo. Hawa ni watu wangu, tumebeba zege pamoja. Nani ataniacha?"

Binti alimpangia kuzungumza mbele ya kikao cha baraza, akitumaini, nadhani, kwamba waheshimiwa watakataa. Loo! Hakuwajua waheshimiwa. Bi Povu alisimama mbele yao na povu lake kiwikoni, akazungumzia mtoto na mvua, madiwani wawili wakatoa leso. Na yule mwenyekiti, mtu wa kupenda picha, akapiga hesabu zake kimyakimya: funguo za siku moja ni sherehe moja, funguo za nyumba mojamoja ni sherehe nane, na uchaguzi huo unakaribia. Sharti likafutwa kwa makofi. Walimpigia makofi Bi Povu! Alitoka ukumbini anang'aa. Ile ilikuwa mara ya kwanza maishani mtu kumsikiliza, na alikuwa ametumia nafasi hiyo kujichimbia kaburi.

Dereva alipewa ufunguo, akapigwa picha na mwenyekiti. Wa kwanza na wa pili wakapewa wa kwao.

Haikuharibika siku hiyohiyo. Nyumba ya nne ilijengwa na watu wengi kiasi. Ya tano, wawili hawakuonekana. Ya sita, waliokwishahamia walituma salamu. Ya saba mwenyewe alikuwa na shemeji zake wenye nguvu, ikapanda kwa nguvu ya shemeji. Na kila ilipokamilika moja, mlango ukafungwa, pazia likatundikwa, redio ikawashwa, na mikono mingine miwili minne ikapotea mchangani.

Ilipofika zamu ya Bi Povu, Jumamosi ya kwanza walikuja watatu. Dereva alikuwamo, alichimba msingi mpaka adhuhuri, akasema mgongo. Jumamosi iliyofuata alikuja Timazi peke yake. Bi Povu akabeba maji, Mlinzi akafyatua matofali, Timazi akajenga, na ukuta ulipanda polepole mno, maana fundi mmoja na dobi mmoja na kipofu mmoja si familia nane. Baadaye saruji ikapungua stooni, nyingine ikaganda kwenye mifuko kwa unyevu, na Timazi akaanza kuitwa na baraza kwenye kazi nyingine.

Bi Povu akapita mlango kwa mlango. Huyu ana mgeni. Huyu kaumia kidole. Huyu, "Wiki ijayo, Shangazi, bila shaka." Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini yeye alingoja tu, na kila mlangoni alipewa kiti na maji ya kunywa, kwa heshima zote. Afadhali wangemtukana!

Kwa Dereva alifunguliwa na mkewe, mtoto yuko mgongoni, kanenepa, kapendeza.

"Ametoka, Shangazi. Siku hizi ana lori la machimbo, hatulii nyumbani."

Mara chafya kubwa ikapigwa chumbani. Mke wa Dereva aliganda. Bi Povu akamtazama, akalitazama lile pazia la chumbani.

"Afya!" akaitikia kwa sauti, akaaga, akaondoka.

Njiani alisimama. Alimwambia jirani mmoja baadaye kilichomsimamisha. Alikuwa ameelewa, siku hiyo, kile alichoambiwa ofisini na binti asiyezaa. Hasira haikumjia, angekuwa na hasira ningefurahi. Ilimjia aibu, aibu ya kumrudia mumewe kila jioni na kusema, "Wiki ijayo."

Wakati huo huko uani kwenye zile nyumba kulikuwa na ujenzi mwingine. Mtu mmoja aliongeza chumba nyuma, akampangisha mfanyakazi wa machimbo. Wa pili akaona, akaongeza viwili. Nyumba za bei nafuu zikaanza kuzaa vyumba vya bei ghali, na kwa vyumba hivyo mikono haikuwa mizito hata kidogo, matofali yalibebwa mpaka usiku. Tatizo lao lilikuwa moja: safu ilishikana kuta, hakuna njia ya gari kufika uani. Mchanga ulibebwa kichwani kupitia sebuleni. Njia pekee ambayo lori lingeweza kupita ilikuwa pale mtaroni, kwenye kiwanja cha mwisho, juu ya ukuta mfupi wa Bi Povu uliokuwa umefika magotini.

Mwaka wa bajeti ulikuwa unaisha. Kiwanja ambacho nyumba yake haijafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kingerudi mikononi mwa baraza. Uchaguzi ulikwishapita, mwenyekiti hakuhitaji picha tena. Lakini Dada Ramani alipigana. Alikuja mwenyewe, akawakusanya wote mbele ya nyumba zao, akawaeleza. "Nimewaomba waheshimiwa wamekubali jambo moja. Kama kikundi kitanyoosha mikono kwamba kitaimaliza nyumba hii, tunapewa muda na saruji. Familia saba mkija Jumamosi chache tu, imekwisha. Ninachohitaji ni mikono yenu juu. Nani anaahidi?"

Bi Povu alisimama pembeni na mumewe amemshika bega. Jua lilikuwa kali. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake nani ataanza.

"Naomba kusema," akasema Dereva. Alivua kofia. "Kwanza, Shangazi ni mama yetu. Hakuna asiyejua alivyonitendea. Lakini tuseme ukweli, ndugu zangu. Mimi nina lori, nalaza wapi? Gari la kunyonya choo litapita wapi? Mtu akiugua usiku, gari litafika vipi huko nyuma? Pale mtaroni ni pabaya kwa nyumba, ni pazuri kwa njia. Na wazee wetu ni wawili tu, hawana watoto wadogo. Tuwaombee kwa baraza wakumbukwe awamu ya pili, wapewe penye hadhi yao."

"Hakuna awamu ya pili," alisema Dada Ramani.

"Itakuwapo, dada. Tukiomba kwa umoja."

Umoja! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hilo nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Lakini wale hawakuwa wageni kwa njaa. Walikuwa wameilala njaa hiyohiyo mwaka uliotangulia tu, na mmoja wao aliilala bila mlango.

Dada Ramani akarudia swali. Akawataja wote, mmoja mmoja, wakainamisha vichwa. Ndipo Bi Povu akaongea, na hakusema potelea mbali.

"Sitaki penye hadhi," alisema. "Nataka pale. Mume wangu anapajua pale. Njooni Jumamosi nne tu, halafu sitawaomba chochote mpaka mnizike. Tafadhali. Jamani, tafadhali."

Mwanamke mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mke wa Dereva alimhamishia mtoto bega la pili. Mkono haukupanda hata mmoja, na baada ya muda watu walianza kuondoka, polepole, kama watokao msibani.

Kiwanja kikarudi kwa baraza, baraza likakifanya njia. Ule ukuta wa magotini Timazi alikataa kuubomoa, akaletwa mwingine. Dada Ramani aliomba uhamisho, na mpango wake ukafa, maana hakuna diwani aliyetaka tena kusikia habari za mikono na zamu. Bi Povu aliendelea kufua. Wauguzi walisema alikuwa akifua shuka moja asubuhi nzima, safi tayari, anasugua tu.

Mwenye chumba cha mashine ya unga naye akaja kukohoa mlangoni. Walitafuta, wakapata banda la mabati ng'ambo ya machimbo, mbali sana, ambako vumbi la kokoto linakaa juu ya chai. Tatizo likawa la kuhamisha vitu. Dereva alisikia, akaja mwenyewe. "Shangazi, lori lipo. Bure kabisa. Mimi si mtu wa kusahau fadhila." Fadhila ya punda unaijua ilivyo, sina haja ya kukumalizia. Bi Povu akakubali. Angefanyaje? Kitanda hakibebwi kichwani mpaka kule.

Wakapakia. Mlinzi alipandishwa nyuma, akakalishwa juu ya godoro, mkewe akakaa karibu yake akishika ndoo zisianguke. Wingu lilikuwa limejikusanya. Dereva akasema apitie kwake mara moja achukue turubai, vitu visilowe. Lori likashuka mtaa wa mnada, likapinda pale mtaroni, likaingia na kusimama. Dereva akazima injini, akamwita mkewe.

"Tuko wapi?" Mlinzi aliuliza.

Bi Povu alitazama chini. Kulikuwa na alama za matairi, kokoto, na dimbwi la mafuta.

"Barabarani, baba. Anachukua turubai."

Mlinzi aliinua uso. Kisha akanyoosha mkono nje ya lori, akapapasa hewa, akajivuta kidogo mpaka vidole vikagusa ukuta wa nyumba ya saba, ule ambao ungekuwa wa watu wawili. Akaupapasa tofali kwa tofali. Haukupigwa lipu upande huo. Ulikuwa umeachwa hivyo, unamngoja jirani.

"Mke wangu," akasema, "mbona tumesimama ndani kwetu?"

Bi Povu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Turubai likarushwa juu yao kutoka chini, na sauti ya Dereva ikawaambia wajifunike vizuri, wazee wangu, mvua inakuja. Halafu lori likawashwa, na Mlinzi alikuwa bado ameshika ukuta lilipoondoka.